Begi la Ruthu, Kilo Kumi Tu

Jumatatu, 8 Septemba

Leo naanza kitabu hiki. Kaninunulia Ruthu, mwanangu wa pekee. Kasema yanayonisumbua niwe naandika humu badala ya kumpigia simu kazini mara tisa kwa siku. Anazidisha. Jana ilikuwa mara sita.

Shule niliishia darasa la nne, ila mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya darasa. Ruthu kaapa hatasoma. Hata hivyo nakificha chini ya cherehani.

Habari yenyewe ni hii. Ruthu anakwenda Nepali. Miezi mitatu, kwa miguu. Ndege inawafikisha mjini, wanashuka, wanaweka mabegi mgongoni na kuanza kupanda milima. Wako watatu. Kiongozi wao ni Wambura, binti wa Musoma, mrefu kama mlango, ameshapanda milima mpaka kaichoka. Mwingine ni kijana anaitwa Cornel. Ruthu kaweka akiba miaka miwili. Hata maandazi ya ofisini alikuwa hali.

Ipagala yetu hii ya Dodoma hajatokea mwingine. Nimeulizia.

Eti kule kuna milima mirefu kuliko Kilimanjaro. Nikabisha. Baba yake, mzee Matonya, naye akabisha. Tukaonyeshwa kwenye simu.

Kuna sharti. Begi lisizidi kilo kumi, ukiacha maji. Nguo, dawa, jiko, mfuko wa kulalia, vyote humo. Wambura kasema mmoja akilemewa huko juu wote wanasimama, na kusimama kule ni baridi ya kuua mtu. Kwa hiyo begi la nani likizidi, mwenye begi anabaki nyumbani. Tiketi ipotee, anabaki. Jumamosi hii wanajipima kwanza: kutoka hapa Ipagala hadi Hombolo kwa miguu, siku mbili, begi mgongoni.

Kilo kumi ni nusu debe la mahindi. Mtu aishi miezi mitatu kwa nusu debe.

Jioni kaja Batuli, jirani yangu, Mrangi wa Kondoa. Mwanawe Hamidu alipokwenda Uturuki kusoma aliondoka na masanduku matatu ya magurudumu, moja likapanda bajaji peke yake kama bibi harusi. Batuli hajaacha kulisimulia sanduku lile. Kauliza Ruthu anakwenda kusomea nini huko. Nikamwambia anakwenda kutembea. Kauliza tena, pole pole, kama mtu anayesema na mgonjwa. Nikamwambia kutembea. Akasema, "Mwenzangu, kwani hapa njia zimekwisha?"

Nimemkaribisha chai. Haikuwa na sukari ya kutosha.

Jumanne, 9 Septemba

Ruthu katandaza vitu vyake vyote kwenye mkeka ili anionyeshe. Nimekaa kwenye kigoda, nimetazama kimoja kimoja. Anajua vitu mtoto huyu. Buti jozi moja, ameshazivaa mwezi mzima zisimchubue. Koti la mvua linalokunjwa likawa kama ngumi. Soksi za sufu. Tochi ya kufunga kichwani, kama ya wachimba madini. Vidonge vya kusafishia maji. Kijiko kimoja. Nilijisikia fahari nikataka kumwita Batuli.

Halafu nikaona mswaki. Umekatwa mpini. Kaukata mwenyewe kwa msumeno wa baba yake, apunguze uzito. Wageni watasema mama yake alishindwa kununua mswaki mzima.

Halafu nguo za ndani. Tatu. Nikahesabu tena. Tatu, miezi mitatu. Kasema atakuwa anafua. Nikamuuliza, na mvua ikinyesha wiki nzima? Kacheka.

Nimemletea niliyokuwa nimemwandalia. Sufuria namba mbili, akakataa. Kanga doti mbili, akakataa. Vikombe viwili, cha kwake na cha mgeni, akauliza mgeni gani, mama. Mwisho nikatoa mlenda mkavu, mboga yetu ya kuteleza. Mlenda wangu wa mwenyewe, niliuanika kivulini usipoteze rangi, nikautwanga mpaka ukawa kama vumbi. Gao moja tu la mkono linapikia nyumba nzima. Akaubusu mfuko, akaurudisha mapajani mwangu. Eti kule kila siku kuna wali na dengu.

Wali na dengu. Mtoto wa Kigogo, siku tisini.

Mzee Matonya akadakia kwamba yeye zamani alipeleka ng'ombe Mpwapwa na fimbo, blanketi na kibuyu cha maziwa, akarudi mnene. Nikamwambia hapa hatuzungumzii ng'ombe.

Jioni nimechungulia mkeba wake wa mswaki. Nimeutoa mswaki uliokatwa, nimeweka mpya, mzima.

Jumatano, 10 Septemba

Mswaki mpya nao umekatwa.

Sawa. Ruthu yuko kazini, baba yake yuko Hombolo kwenye zabibu zake. Niko peke yangu na begi.

Nimelichunguza. Zuri, zipu zake za maana. Upande ule unaolala mgongoni kuna sponji nene, limeshonewa ndani. Nimelibonyeza mara mbili tatu. Sponji, kazi yake nini? Kukaa tu. Linakwenda mpaka Nepali bure.

Mimi nimeshona magodoro ya bweni zima la wasichana. Nimefumua mshono kwa wembe, nimetoa sponji, nimeshona mifuko midogo midogo ya kitambaa cha shuka, nimejaza. Mlenda kilo moja. Karanga za kukaanga kilo mbili na nusu. Unga wa uwele kilo moja, maana mlenda bila ugali ni kumtesa mtu. Nikapangilia, nikadarizi katikati visihame, nikarudishia mshono palepale penye matundu ya zamani. Aliyelitengeneza kiwandani mwenyewe angepita hapa asijue.

Akifika kule juu akashikwa na njaa, nampigia simu, namwambia shika wembe, fumua mgongoni. Atalia kwa furaha. Nimeshamwona akilia.

Imebaki mizani. Ruthu anapimia mizani ya zabibu ya baba yake, ile ya kuning'iniza yenye mshale. Nyuma ina skrubu ya kurekebishia. Nimeizungusha mpaka mshale ukarudi nyuma ya sifuri kilo nne na nusu. Kisha nikatundika begi kabisa kwenye ndoano pale barazani, mtu asiikute mizani tupu.

Alhamisi, 11 Septemba

Jana jioni Ruthu kaja, katazama mshale. Kilo kumi kamili. Kafurahi, kanikumbatia. Halafu akalivaa, akasimama kidogo. Kasema mbona limekuwa zito. Nikamwambia ni uchovu wa ofisi. Kasema mgongoni limekuwa gumu. Nikamwambia mabegi mapya ndivyo yalivyo, yanakaza kwanza.

Ubaya ni kwamba leo asubuhi mzee alishuka na mizani yake kwenda kuuza zabibu kabla sijairudisha. Karudi jioni. Kasema zabibu za mwaka huu ni kubwa kwa macho lakini hazina uzito kabisa, hajapata kuona. Anafikiri ni udongo.

Nikamwambia jua limekuwa kali sana.

Nimeirudisha skrubu alipokwenda kuoga. Nimempikia kuku.

Jumamosi, 13 Septemba

Wameondoka alfajiri. Nimesimama barabarani mpaka nisiwaone. Ruthu alikuwa katikati, mgongo umenyooka. Batuli katoka kuchukua maji, akasema wanafanana na watu waliohamishwa. Nikamwambia hata hao huwa wanapewa gari, wangu hawahitaji.

Nimepiga simu mara nne. Amepokea moja. Kasema jua kali, upepo na vumbi, lakini yuko mbele ya wenzake. Nikamuuliza yuko mbele kwa umbali gani. Kasema, "Mama, tafadhali, napumua."

Yuko mbele. Nimelipigia mstari neno hilo.

Jumapili, 14 Septemba

Hombolo. Nimewatangulia kwa gari, nimewasubiri kwenye kibanda cha mzee cha zabibu. Kanisani sikwenda, Mungu anajua nilikuwa wapi.

Saa saba mchana nikaona mtu mmoja anakuja barabarani peke yake. Ruthu. Wenzake walikuwa nyuma, wadogo kama mbuzi. Nikapiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Akafika. Nikaona nzi. Halafu nikaona mgongo wake.

Naandika ilivyokuwa. Lile begi, pale mgongoni, kwa ndani kuna nafasi ya kuweka mfuko wa maji wenye mrija wa kunyonyea. Sikuijua kazi yake ile nafasi. Karanga zangu zilikuwa zimeubana ule mfuko, ukawa unavuja taratibu tangu jana. Maji yakakutana na mlenda, na jasho likasaidia. Mlenda ukafanya kazi ambayo Mungu aliupa. Ruthu alikuwa kijani kuanzia mabegani hadi kwenye visigino, na nyuma yake unanyooka uzi mmoja mrefu unaong'aa, haukatiki.

Cornel kafika, kasema toka jana alasiri aliona mwenzake anatokwa na kitu lakini aliona haya kuuliza, alifikiri ni ugonjwa wa wanawake. Ruthu alikuwa amejua tangu jana. Harufu ile kakua nayo. Alinyamaza kwa sababu begi likifunguliwa litapimwa.

Wambura akalitundika kwenye mizani ya mzee. Na mizani, mjinga mimi, nilikuwa nimeshairekebisha. Maji wakayatoa kwanza. Kilo kumi na nne na nusu.

Ruthu akatazama chini. Sikuwahi kumwona hivyo tangu matokeo ya darasa la saba, na yale yalikuja mazuri.

Nikasema ni mimi. Nikaeleza yote, sponji, karanga, uwele. Skrubu nayo nikaitaja. Mzee Matonya akageuza kichwa taratibu akanitazama. Zabibu zile. Hilo ataliweka moyoni.

Wambura kautazama mshale tena. Kasema Ruthu amebeba kilo kumi na nne na amewaacha wao wenye kumi, kwa hiyo miguu yake haina kesi. Kesi ni begi. Atapima upya Ijumaa, kwa mizani hii hii, mbele ya watu wote. Likizidi hata kidogo, Ruthu anabaki. Akanigeukia. Akaniambia kwa heshima kabisa, "Mama, huko juu sitakuwa na mtu wa kumbeba."

Nikaitikia. Nilishindwa kumchukia.

Halafu njaa ikawauma. Karanga zilikuwa nzima. Mlenda wa katikati ulikuwa haujaguswa na maji. Ruthu akawasha kile kijijiko chake cha gesi, nikapika, na uwele nikausonga. Wambura kala mara mbili. Cornel kakomba sufuria kwa kidole.

Lakini Ruthu hajanisemesha njia nzima ya kurudi.

Jumanne, 16 Septemba

Begi limefuliwa maji manne. Mlenda hauachii. Ya tano ndiyo yamekubali. Nimemrudishia sponji lake, nimeshona kwa uzi wa zamani. Ruthu kakaa pembeni ananiangalia mikono kama polisi.

Nikiwa nashona nikamwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia. Mwaka ule wa njaa nilikuwa na miaka tisa. Nyumbani hakukuwa na kitu, mama akanituma Kongwa kwa shangazi, siku mbili kwa miguu, na watu wengine waliokuwa wanakwenda huko. Alinifungia mlenda mkavu kwenye pindo la kaniki, mkono mmoja tu, basi. Hakuwa na zaidi. Jioni tulipolala njiani akina mama wakaomba maji kwa watu, tukauchemsha, tukanywa wote. Watu saba. Nilifika Kongwa. Mama alikuwa hajui kama nitafika. Alichokuwa nacho cha kufanya kilikuwa ni lile pindo.

Nikaendelea kushona. Sikutaka kumtazama.

Ruthu akanyanyuka. Karudi na kikopo cha dawa, kidogo, cha plastiki. Akauliza mlenda uko wapi. Akajaza, akashindilia kwa kijiko, akafunga. Akakipima, akatazama vitu vyake pale mkekani, akatoa chanuo. Chanuo lake lile zuri. Kaliweka mkononi mwangu. Kasema atasuka.

Kachagua mlenda, kaacha chanuo. Nimeliandika hili kwa kalamu nyekundu.

Halafu akaniapisha. Sitagusa begi lake tena, sitalifumua, sitalifungua, sitalipitia hata karibu. Nikataka kuapia Biblia, kasema mimi na Biblia tunajuana mno. Nikaweka mkono juu ya cherehani. Nikaapa. Begi la Ruthu sitaligusa.

Ijumaa, 19 Septemba

Siku ya mizani. Wambura na Cornel wamekuja na mabegi yao, wanalala kwetu, maana treni ya Dar es Salaam ni ya kesho asubuhi. Wambura kanisalimia "Mbukwenyi", Kigogo, nadhani kajifunza njiani. Nimemwitikia vizuri.

Hatujapima bado, kaingia Batuli. Kabeba blanketi. Lile zito la manyoya, lenye picha ya simba, analomtandikia mgeni wa heshima. Eti amemletea Ruthu, kasikia kule kuna barafu. Blanketi peke yake kilo tano. Nikamwambia ahsante, mwenzangu, lakini safari hizi zina utaratibu wake, mtu hawezi kujijazia tu vitu mgongoni kama gunia, uzito ukizidi unawahatarisha wenzako. Nilisema kwa ustaarabu sana. Ruthu alinitazama mdomo wazi.

Batuli kanuna. Halafu kakaa kuangalia.

La Cornel likaanza. Kilo kumi na robo. Katoa chupa ya pilipili, machozi yamemtoka kabla hajaila. Kumi. La Wambura, kilo tisa kavu. Kweli kiongozi.

La Ruthu. Mzee Matonya mwenyewe kalitundika, na kabla ya hapo kawaonyesha watu wote mshale uko sifuri, akanitazama. Mshale ukapanda, ukatikisika. Nikafumba macho. Nikasikia Wambura anasema, "Kumi."

Kumi. Na mlenda ukiwemo.

Sikupiga kigelegele. Batuli ndiye aliyepiga. Kisha akaniambia sikioni kwamba Hamidu na masanduku yake matatu alisahau koti, ikampata homa wiki mbili. Miaka minne alikuwa hajaniambia. Nikamkamata mkono.

Jioni Wambura kaniomba kama ninaweza kumkazia mkanda wa begi lake, umelegea bega la kushoto. Nikamwambia mwanangu, hiyo ni kazi ya dakika tano. Nimelipeleka chumbani kwenye cherehani. Nimekaa nalo saa nzima. Kushona vizuri hakuna haraka.

Jumamosi, 20 Septemba

Wameondoka.

Kituoni watu wenye masanduku walikuwa wanayavuta, yanapindukia kwenye vizingiti, wanatukana. Wangu kaweka begi mgongoni kwa mara moja, kafunga mkanda kiunoni, akasimama. Mtu mmoja kaniuliza huyo binti anakwenda wapi. Nikamwambia. Mwingine hakuniuliza, nikamwambia pia.

Ruthu kapiga magoti kidogo, shikamoo baba, shikamoo mama. Mzee kamshika kichwa, kamwambia tembea kama ng'ombe wanavyotembea, pole pole na usisimame. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikamwambia vaa soksi.

Hakugeuka, ila pale mlangoni alinyanyua mkono juu bila kugeuka, anajua nipo.

Batuli kalia kunizidi. Ilibidi nimbembeleze mimi.

Jumatano, 24 Septemba

Kapiga simu, kwa picha! Nimemwona. Yuko Katmandu, nywele kasuka, nyuma yake kuna bendera nyingi ndogo za rangi zinapepea kwenye kamba. Nimewaita watu wote wa nyumba za jirani wamwone. Batuli kamuuliza kama ni kweli kuna barafu. Kasema iko juu, wanaianza kesho.

Begi lake liko salama. Kalipima uwanja wa ndege Dar, kumi kamili; Wambura hakujisumbua kulipima lake upya. Kanishukuru mbele ya watu. Kasema, "Mama, ahadi umeitimiza, nakupongeza." Nikatazama chini kwa unyenyekevu. Ni kweli. Begi la Ruthu sikuligusa hata kwa kidole. Nilipopita sebuleni nilipita ukutani.

Begi la Wambura hakuna aliyeniapisha.

Mtu ana kilo tisa wakati sharti ni kumi. Kilo nzima tupu, inakwenda Nepali na hewa. Na nilimwona mwenyewe Hombolo anavyoukomba mlenda, mtoto hana mama karibu. Nimeweka mlenda, karanga kidogo, uwele kidogo. Kama kilo mbili hivi, labda na nusu. Na kosa langu la kwanza nimeshalijua: mgongoni panalowa. Safari hii nimeshonea chini kabisa, kwenye kitako cha begi, nikaweka na nailoni. Watu hujifunza.

Ruthu kabla hajakata simu kacheka, kasema ajabu ni Wambura. Kiongozi wao, chuma cha pua, tangu Dar analalamika begi linamvuta kwa nyuma, ngazi tu kapanda akakaa. Cornel anamtania amezeeka. Wana wasiwasi kidogo huenda hali chakula cha kutosha.

Nikamwambia amwambie asiwe na wasiwasi kabisa, ale vizuri tu. Chakula anacho, anakikalia.